Bomba Ndani ya Ukuta

Mji wa Chunya uko kaskazini ya Mbeya, ng'ambo ya milima ambayo msafiri hana budi kuipanda kabla ya kuteremka tena kwenye nchi kavu na yenye joto zaidi. Ni dhahabu iliyoukuza mji huo. Iligunduliwa katika eneo la Lupa mwaka 1922, na katika miaka ya 1930 wachimbaji walimiminika huko kutoka pande nyingi. Hadi leo mchimbaji mdogo akibahatika hujenga nyumba, na siku hizi mwenye nyumba mpya hupenda maji yafike jikoni na bafuni bila ya bomba hata moja kuonekana. Ukuta uwe laini, na koki ichomoze tu kama kitu kilichoota hapo.

Tamaa hiyo si mbaya. Bomba lililofichwa haligongwi na majembe wala baiskeli, na kama ni la plastiki halidhoofishwi na jua. Lakini ukilificha bomba umelificha pamoja na makosa yake. Katika makala haya tutaeleza mambo yanayotokea ndani ya ukuta baada ya fundi kupiga lipu na kwenda zake, nasi tutajaribu kuyapima kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza. Mwalimu wa fizikia atakuta humo kanieneo, kupanuka kwa vitu kwa joto, na kupanda kwa maji katika vinyweleo. Yote hayo hufundishwa darasani, ingawa mara nyingi kwa mirija ya kioo na vipimo ambavyo shule nyingi hazina. Ukuta kila shule inao.

Nyumba iliyoanguka mchana

Miaka kadhaa iliyopita nilioneshwa nyumba moja katika kijiji cha wilaya hiyo. Ilikuwa imejengwa kwa matofali mabichi, yaani yale ya udongo yaliyokaushwa kwa jua, kisha ikapigwa lipu ya saruji nje na ndani. Kwa macho hungeitofautisha na nyumba ya matofali ya kuchoma. Baadaye mwenyewe alivuta maji. Fundi alichimba mfuo wa kulala, kimo cha kiuno, kutoka pembe ya nyumba hadi bafuni, akalaza bomba la chuma, akafunika kwa saruji.

Mwezi wa Agosti, wakati ambapo mvua ilikuwa haijanyesha kwa miezi kadhaa, doa jeusi lilionekana chini ya ukuta ule. Fundi aliitwa, akapaka rangi. Doa lilirudi, akapaka tena. Siku moja saa sita mchana ukuta ulishuka wote kwa ndani. Watoto waliokuwa wakilala chumba kile walikuwa shuleni, na mama yao alikuwa nje akianua nguo. Lipu ya nje ilibaki imesimama kwa dakika chache kama ganda la yai lisilo na kiini, kisha nayo ikaanguka. Nilipofika siku ya pili, bomba lilikuwa lingali linaning'inia, na kwenye kiungo kimoja maji yalidondoka tone baada ya tone.

Watu walisema ni udongo mbaya. Mimi nadhani udongo ulisingiziwa. Natutazame mambo manne ambayo kila moja lilichangia au lingeweza kuchangia.

Kishindo cha maji

Ukifunga koki kwa ghafula, mara nyingine husikia mlio wa kugonga ndani ya ukuta. Maji yaliyokuwa yakienda yamesimamishwa, na kama gari lililofungwa breki, hayakubali kusimama bila ya kusukuma kitu. Kwa kuwa maji hayabonyei kwa urahisi, mshtuko husafiri kurudi nyuma ndani ya bomba kwa kasi kubwa: katika bomba la chuma ni kiasi cha mita 1,200 kwa sekunde. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, aliyechunguza mabomba ya maji ya mji wa Moscow, alionesha mwaka 1898 kwamba ongezeko la kanieneo hupatikana kwa kuzidisha vitu vitatu: densiti ya maji, kasi ya mshtuko, na kasi ya maji iliyopotea.

Tuseme maji yalikuwa yakienda kwa mita 1.5 kwa sekunde. Basi ongezeko ni 1,000 × 1,200 × 1.5, yaani paskali 1,800,000. Ili kuupata msukumo huo kwa tangi la kawaida ingebidi tangi liwekwe juu ya mnara wa mita 180 hivi, kwa sababu kila mita 10 za kimo hutoa takriban paskali 98,000 tu. Tangi la nyumbani lililoko mita 6 juu ya koki halifikishi hata paskali 60,000.

Sasa tazama kiwiko, pale bomba linapopinda. Bomba la chuma la nusu inchi lina uwazi wa ndani wa milimita 16 hivi, na eneo la uwazi huo ni milimita mraba 201. Kanieneo ya paskali 1,800,000 ikifanya kazi juu ya eneo hilo hutoa kani ya nyutoni 362 katika kila upande wa kiwiko. Pande hizo mbili zimekutana kwa pembemraba, kwa hiyo kani ya pamoja inayokisukuma kiwiko kwa nje ni nyutoni 512. Huo ni uzito wa mfuko mmoja wa saruji, na kidogo zaidi. Kila afungapo mtu koki kwa pupa, ni kana kwamba mfuko wa saruji umetupwa juu ya kiwiko kile. Bomba lisiloshikwa barabara hutikisika, hulegeza uzi wa kiungo, na hupasua lipu iliyo juu yake.

Hata hivyo yapo masharti, na mwalimu asiyaruke. Kishindo kamili hutokea tu ikiwa koki imefungwa kabla ya mshtuko kwenda hadi kwenye bomba kuu na kurudi. Bomba la chuma likiwa na urefu wa mita 24, safari hiyo huchukua sekunde 0.04, na hakuna mkono wa mtu uwezao kufunga koki kwa muda huo. Likiwa na mita 240, muda ni sekunde 0.4, na koki za siku hizi, zile za mpini unaogeuzwa robo ya duara, hufungwa kwa muda huo bila ya taabu. Katika miji kama Chunya viwanja vingi viko mbali na bomba kuu. Ndiyo maana nyumba iliyo mwisho wa mtaa husikia kishindo ambacho nyumba iliyo jirani na bomba kuu haikisikii, ingawa koki zimenunuliwa duka moja.

Bomba la plastiki hupunguza ukali wa kishindo. Kuta zake hunyumbuka, na mshtuko husafiri polepole zaidi, tuseme mita 350 kwa sekunde kwa aina laini. Ongezeko huwa paskali 525,000 badala ya 1,800,000. Lakini kwa kuwa mshtuko wenyewe huchelewa kurudi, hata mfungaji asiye na haraka sana huweza kukipata kishindo kamili cha plastiki. Koki za zamani za kuzungusha mara nyingi, ambazo watu huzicheka, hazikuwa na tabu hii.

Nguvu hiyo si adui wakati wote. Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa aliitumia mwaka 1796 kutengeneza pampu ipandishayo maji mlimani kwa kishindo chake yenyewe, bila ya injini. Pampu za namna hiyo zingali zikitumika mahali penye mito yenye maporomoko.

Joto, na jambo lisilotazamiwa

Watu wengi wanaoweka mtambo wa kupasha maji kwa jua juu ya paa huuliza: bomba gani litapasua ukuta, la chuma au la plastiki? Mwanafunzi aliyesoma jedwali la kupanuka kwa vitu atajibu upesi kwamba ni la plastiki. Chuma hupanuka sehemu 12 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto, na plastiki ile ambayo mafundi huiita PPR hupanuka sehemu 150. Bomba la mita 3 likipata joto kutoka nyuzi 20 hadi 60, la chuma hurefuka milimita 1.4 na la plastiki milimita 18.

Hesabu ni sahihi, na jibu si sahihi. Ukuta haujali bomba linataka kurefuka kiasi gani. Unachokipata ukuta ni kani. Bomba likikabwa ncha zote mbili, kani hutegemea pia ukaidi wa kitu chenyewe, yaani jinsi kinavyopinga kubanwa. Ukaidi wa chuma ni megapaskali 200,000 na wa PPR ni kama 800 tu, nao hupungua bomba likipata moto. Chukua bomba la chuma la nusu inchi ambalo unene wa chuma chake, ukikatwa, una eneo la milimita mraba 153. Likikabwa na kupashwa nyuzi 40 zaidi, litasukuma kwa nyutoni 14,700. Hiyo ni mifuko 30 ya saruji. Bomba la PPR la milimita 20, lenye milimita mraba 177 za plastiki, litasukuma kwa nyutoni 850, yaani pungufu ya mifuko miwili.

Kwa hiyo plastiki iliyozungukwa na saruji pande zote hutulia mahali pake. Ni pale inapoachwa katika uwazi, au inaposhikwa kwa vibano viwili vilivyo mbalimbali mno, ndipo hujipinda kama nyoka na kuchomoa vibano. Bomba la chuma la maji ya moto, kwa upande wake, linahitaji kupumua. Lizungushiwe kitu laini kabla ya kufunikwa, na kwenye viwiko iachwe nafasi. Linapopenya ukuta kutoka chumba hadi chumba lipite ndani ya kipande cha bomba kubwa zaidi, ili liteleze bila ya kuukwaruza ukuta.

Mfuo na uzito wa paa

Sasa twende kwenye ukuta wenyewe. Tofali la saruji litumikalo sana mijini lina unene wa inchi 6, yaani milimita 150. Kanuni ya ujenzi iliyotoka Uingereza, ambayo mafundi wetu wengi waliojifunza vyuoni huifuata, yasema mfuo wa kusimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mfuo wa kulala usizidi sudusi. Kwa ukuta wa milimita 150, wa kusimama usipite milimita 50, na wa kulala usipite 25. Kwa nini wa kulala ubanwe hivyo?

Uzito wa paa na wa matofali hushuka wima. Mfuo wa kusimama hukata ukanda mwembamba tu, na uzito huupita kushoto na kulia. Mfuo wa kulala humkatia njia kila mshukaji. Tena, kwa kuwa umechimbwa upande mmoja, uzito uliokuwa ukishuka katikati ya ukuta sasa hauko katikati ya sehemu iliyobaki. Ukuta unakuwa kama mtu aliyejitwika ndoo pembeni ya kichwa.

Wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaweza kulihakiki jambo hili. Chimba mfuo wa kulala wa milimita 50 katika ukuta wa 150: sehemu iliyobaki ni milimita 100, na mstari wa uzito umehama milimita 25 kutoka katikati yake. Mgandamizo wa wastani umekuwa mara 1.5 ya ule wa kwanza, lakini kwenye ukingo ulio karibu na mfuo umefika mara 3.75. Kwenye ukingo wa upande wa pili kuna mvutano, na matofali yaliyojengwa kwa udongo au hata saruji hayawezi kuvutwa. Ukichimba milimita 25 tu, mgandamizo mkubwa ni mara 1.9 hivi na hakuna mvutano popote. Tofauti ya milimita 25, unene wa kidole gumba, ndiyo tofauti ya ukuta unaostahimili na ukuta unaojipinda.

Bomba la chuma la nusu inchi lina upana wa nje wa milimita 21, kwa hiyo laenea katika mfuo wa 25. Kiwiko chake hakienei, maana ni kinene zaidi. Hapo ndipo fundi asiye na subira huchukua tindo na nyundo akaongeza shimo. Aliye na subira hukiacha kiwiko kichungulie kidogo, halafu lipu yenye milimita 15 ikakimeza. Na kama chumba cha pili nacho kinahitaji bomba, mfuo wake usichimbwe mgongo kwa mgongo na ule wa kwanza.

Katika nyumba ile iliyoanguka, mfuo ulikuwa wa kulala, na nilipoupima katika kipande kilichobaki ulikuwa umekula karibu nusu ya tofali.

Tone moja kwa sekunde

Matone 20 ya maji hufanya takriban mililita moja. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, nayo ni lita 4.3. Kwa mita ya maji hicho ni kidogo mno kustusha mtu anayelipa ankara. Lakini ndani ya ukuta, lita 4.3 kwa siku kwa miezi mitatu ni karibu lita 390, sawa na ndoo kubwa 19 zilizomiminwa ndani ya udongo. Mahali penye kiangazi kirefu, ambapo watu hupanga foleni kwa ndoo moja, jambo hilo lauma mara mbili.

Maji hayo hayatelemki tu. Katika vinyweleo vya udongo hupanda. Kinyweleo chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya mia ya milimita huweza kuyapandisha maji kiasi cha mita 1.5 dhidi ya uzito wake. Ndiyo maana doa linaloonekana huenda liko mbali na kiungo kinachovuja, na fundi anayechimba penye doa hukuta bomba zima.

Tofali bichi na tofali la kuchoma hunyonya maji yote mawili, ila moja hubaki tofali na jingine hurudi kuwa tope. Sababu iko ndani ya chembe za udongo. Chembe hizo ni tabaka nyembamba ambazo maji huingia katikati yake na kuzitenganisha. Tanuri likifika nyuzi 500 hadi 600, udongo hupoteza maji yaliyofungwa katika umbile lake wa kikemia, na hapo haurudi tena kuwa udongo wa kufinyangwa. Moto ukizidi, chembe huanza kushikana kwa kuyeyuka kidogo. Tofali la kukaushwa kwa jua halijapitia hatua hizo. Lipu ya saruji juu yake huongeza hatari, kwa sababu huzuia unyevu usitoke na huficha tope lililo nyuma yake.

Jaribio hili halihitaji maabara. Chukueni kipande cha tofali bichi na kipande cha tofali la kuchoma, vyenye ukubwa sawa. Visimamisheni ndani ya sinia lenye maji ya kimo cha sentimita moja. Pimeni kwa rula kila dakika tano maji yamepanda kiasi gani, mchore grafu. Kisha wekeni jiwe juu ya kila kipande na msubiri. Wanafunzi wakishuhudia tofali bichi likiketi chini ya jiwe lake, mwalimu hatahitaji maneno mengi.

Kwa maoni yangu, nyumba ya matofali mabichi haifai kabisa kufichwa bomba. Bomba lipite juu ya ukuta, limeshikwa kwa vibano, kila mtu aone. Wapo watakaosema ni ushamba. Waseme.

Kutu, na kipimo kabla ya lipu

Bomba la chuma hupakwa zinki ili lisishike kutu, lakini fundi akikata uzi wa kuungia huiondoa zinki pale pale anapoihitaji zaidi. Kwa hiyo kiungo huoza kwanza. Uzi ufungwe kwa katani na rangi, au kwa tepu nyeupe ya siku hizi, na sehemu yote iliyochubuliwa ipakwe lami au izungushiwe utepe wa lami kabla ya saruji. Bomba la zinki lisiungwe moja kwa moja na la shaba, kwa maana metali mbili tofauti ndani ya maji hufanya betri, na zinki ndiyo inayoliwa. Jasi yenye unyevu nayo hula chuma. Mfuo uzibwe kwa saruji na mchanga.

Viungo vyote vipimwe vikiwa wazi. Mabomba yajazwe maji, hewa itolewe yote, kisha pampu ya mkono ipandishe kanieneo hadi mara 1.5 ya ile itakayotumika, na saa ya kupimia itazamwe kwa muda wa saa moja au zaidi. Katika mabomba ya plastiki sindano hushuka kidogo mwanzoni ingawa hakuna uvujaji, kwa kuwa plastiki inatanuka. Hupandishwa tena ndipo kipimo halisi kikaanza. Msukumo wa tangi peke yake hautoshi kuwa kipimo, kwa sababu tulizozihesabu hapo juu.

Jambo la mwisho kabla ya lipu ni kuandika. Mabomba yaende wima au kwa pimamaji, kamwe yasikate ukuta mshazari, ili atakayepigilia msumari miaka kumi baadaye aweze kukisia yalipo kwa kuitazama koki. Vipimo kutoka pembe ya chumba na kutoka sakafuni viandikwe, na picha ipigwe kwa simu huku rula imewekwa kando ya bomba. Valvu ya kufungia isifichwe. Iwekwe ndani ya kisanduku chenye mlango.

Mwenye nyumba ile amejenga upya kwa matofali ya kuchoma. Bomba lake sasa limepita nje, chini ya dirisha, na watoto wamelipaka rangi ya bluu.

Maswali ya darasani. Kwanza: fungeni koki zote za shule jioni, msome mita ya maji, mwisome tena asubuhi, ikiwa imesogea lita 26, ni matone mangapi kwa sekunde yaliyopotea katika muda wa saa 12? Pili: maji yanakwenda kwa mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma lenye urefu wa mita 150; koki ifungwe kwa muda usiopungua sekunde ngapi ili kishindo kisiwe kamili? Tatu: ukuta wa matofali ya kuchoma una unene wa milimita 110; je, bomba la chuma la nusu inchi laweza kulazwa ndani yake bila ya kuvunja kanuni ya sudusi?